Kumtafuta Babu Gazetini: Mwongozo wa Kufuatilia Ukoo kwa Magazeti ya Zamani

Wengi wanaoanza kazi hii hufungua gazeti na kutafuta jina. Hupekua wiki nzima, wakaambulia vumbi, wakasema magazeti ya wakoloni hayakuandika habari za watu wetu. Yaliandika, na kwa wingi kuliko tunavyodhani. Tatizo ni kwamba mtu wa zamani hakuwa na jina moja la kudumu. Nyumbani ni Juma bin Hamisi, kazini ni Juma Mnyamwezi, akibatizwa anakuwa Yohana, na siku anayotajwa gazetini anaitwa "karani wa boma" basi. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali, kazi na tukio. Ukishavipata vitatu hivyo, jina litakuja lenyewe, hata kama limeandikwa kwa namna usiyoitarajia.

Anza kwa wazee, maktaba baadaye

Keti na shangazi, babu wadogo, na hasa wale mabibi wanaojua nani alimuoa nani. Usiwaulize "babu alizaliwa mwaka gani", maana watakupa mwaka wa kukisia ili wakuridhishe. Waulize alifanya kazi gani, kwa nani, aliishi mtaa gani, alisali wapi, alisoma shule ya serikali, ya misheni au chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na mambo gani makubwa yalitokea alipooa au alipofariki. Waulize pia majina yake yote: la kuzaliwa, la jandoni, la dini, la utani, na la kazini. Mzee wa Tanga anaweza kukumbuka kwamba babu aliitwa "Mpishi" kwa miaka 30, na kumbe gazetini ndivyo alivyoandikwa.

Rekodi sauti kwa ruhusa yao. Na kabla hujaondoka, omba kuona sanduku. Nyumba nyingi za zamani zina vipande vya gazeti vilivyokatwa na kuwekwa ndani ya msahafu, Biblia, au nyuma ya picha ya ukutani. Kipande kisicho na tarehe kinaweza kupewa tarehe: geuza upande wa pili usome matangazo, bei, matokeo ya mpira, jina la gavana au waziri.

Geuza kumbukumbu kuwa miaka

Wazee hupima wakati kwa matukio, na gazeti hupangwa kwa tarehe. Kazi yako ni kuunganisha hivyo viwili. Chora jedwali lako mwenyewe. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Vita vya Wajerumani ni 1914 hadi 1918. Rupia kuondoka na shilingi kuingia ni mwanzoni mwa miaka ya 1920. "Wakati wa nzige" kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930. "Alipokuwa keya" maana yake alikuwa askari wa King's African Rifles, na kwa mzee aliyezaliwa miaka ya 1910 au 1920 huenda ni vita vya 1939 hadi 1945. "Wakati wa karanga" huko Kongwa na Nachingwea ni mradi wa Waingereza wa 1947 hadi 1951. Mgomo mkubwa wa Mombasa ni Januari 1947. Mgomo wa Unguja ni 1948. Kisha TANU 1954, Uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964, na vijiji vya Ujamaa katikati ya miaka ya 1970.

Jihadhari na kalenda. Familia za pwani mara nyingi hukumbuka miezi ya Kiislamu: alifariki Mfunguo Tatu, alizaliwa Rajabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfunguo Tatu ya mwaka huu haiangukii pale ilipoangukia miaka 10 iliyopita. Tumia programu ya kugeuza tarehe za Hijria. Pia siku ya Kiswahili ilianza jua linapotua. Mtu aliyefariki "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee alifariki jioni ile ambayo Mzungu aliiita Alhamisi. Ukiona gazeti na familia vinatofautiana kwa siku moja, huenda hakuna aliyekosea.

Chagua gazeti kabla ya kuchagua mwaka

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kufeli. Kila gazeti lilikuwa na watu wake, na babu yako aliingia katika lile lililomhusu.

Kama ukoo wako ulipitia UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, anza na Msimulizi, lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Liliandika habari za vituo na za wanafunzi waliokwenda kufundisha bara, na wengi wa watu wa mwanzo wa Kiungani walikuwa vijana waliookolewa utumwani. Kwa kizazi chao, ambacho mara nyingi hakijui kijiji cha asili, hizi ni karatasi za thamani kubwa. Magila, kituo cha misheni hiyohiyo upande wa Tanga, walikuwa na Habari za Mwezi. Wakati wa Wajerumani wanafunzi na walimu wa shule ya serikali ya Tanga walikuwa na Kiongozi, ambalo lilipokea habari kutoka kwa makarani na walimu wa miji mbalimbali: nani kahamishwa, nani kafariki, simba kala mtu wapi, mvua imenyesha au haikunyesha. Walutheri walipata Pwani na Bara, Wakatoliki Rafiki Yangu, yote yakianza mnamo 1910. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung ni la Kijerumani na la walowezi, lakini ukitafuta mpishi, askari au mnyapara aliyefikishwa mahakamani, utamkuta humo, mara nyingi bila heshima.

Baada ya 1922 gazeti kuu kwa Mtanganyika anayejua kusoma ni Mambo Leo. Lilianzishwa na idara ya elimu, Dar es Salaam, Januari 1923, likitoka kila mwezi. Kama babu alikuwa mwalimu, karani, tarishi wa posta, mganga wa zahanati, au mtu wa mashairi, usiende kwingine kabla ya kulimaliza hili. Kuanzia 1937 kuna Kwetu la Erica Fiah, lenye sauti kali zaidi na lisilo la serikali. Miaka ya mwisho ya ukoloni yanakuja Mwafrika na Ngurumo, kisha Uhuru la TANU.

Unguja na Pemba zina hadithi yake. Gazeti la serikali lilianza 1892, na baadaye kila jamii ikawa na lake: Al-Falaq la Waarabu, Samachar la Wahindi, Afrika Kwetu la Waafrika, na Mwongozi katika siasa za kabla ya Mapinduzi. Ukoo mmoja wa Mji Mkongwe unaweza kutawanyika katika yote manne, kwa sababu bwana harusi alikuwa wa upande mmoja na bibi harusi wa mwingine. Waliohamia Oman na Ghuba baada ya 1964 wanaotafuta mizizi yao ya Unguja wasiishie kwenye magazeti ya Kiarabu.

Kenya anza na lile lililoanzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee likiitwa African Standard, ambalo ndilo mzazi wa The Standard ya leo. Lakini kwa Mwafrika wa miaka ya 1940 na 1950 gazeti la kusoma ni Baraza, lililoanza 1939 kwa Kiswahili. Kwa ukoo wa masheikh wa Mombasa, Al-Islah la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui la mwaka 1932. Kisha Taifa Leo na Daily Nation tangu 1960. Nje ya hapo, Munno la Uganda (1911), Kinyamateka la Rwanda (1933), na Ngonga la Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, katikati ya miaka ya 1930, yanafaa kwa ukoo uliovuka mipaka, na koo nyingi zetu zilivuka.

Yako wapi magazeti haya

Dar es Salaam nenda Nyaraka za Taifa na kitengo cha East Africana cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar, nyaraka ziko Kilimani. Nairobi, nyaraka za taifa ziko Moi Avenue ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India, na McMillan Memorial Library, iliyofunguliwa 1931, ina hazina ya magazeti ya ukoloni. Nje, British Library ya London na Center for Research Libraries ya Chicago wanahifadhi mikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye filamu, zinazosomwa kwa mashine) za magazeti ya Afrika, na kumbukumbu za UMCA ziko Oxford. Magazeti ya Kijerumani ya koloni yamewekwa kwenye tovuti ya magazeti ya Staatsbibliothek zu Berlin, na kuyasoma ni bure.

Kwenye Google Books kuna matoleo mengi sana ya Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, kuanzia 1899 na kuendelea. Ukiwa na simu tu unaweza kuanza leo. Nitalirudia hili chini, maana watu hulipuuza kwa kudhani ni la sheria pekee.

Ukienda mwenyewe, piga simu kwanza uulize ada, barua ya utambulisho wanayotaka, na kama gazeti lako liko wazi au limefungwa kwa matengenezo. Beba kitambulisho na penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na karatasi za zamani. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Usipige picha kwa mwanga wa fleshi. Karatasi ikiwa imevunjika kwenye mkunjo, muite mhudumu akufungulie, usijaribu mwenyewe. Na wahudumu wa vyumba hivi wanajua mengi kuliko katalogi: mwambie unatafuta nini, naye atakuonyesha kabati ambalo halijaorodheshwa popote.

Kurasa za kusoma

Usisome ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ni wa magavana na vita. Nenda ndani.

*Barua na habari za miji.* Mwalimu wa Masasi au Kigoma analeta habari za kwao: sherehe ya shule, ajali ya mtumbwi, chifu kuapishwa, mtu kuibiwa ng'ombe. Jina linaweza kuwa la babu yako kama mhusika, au ndiye aliyeandika barua.

*Mashairi.* Hapa ndipo penye utajiri ambao watafiti wa nje huupita bila kuuona. Ukurasa wa mashairi wa Mambo Leo ulikuwa uwanja wa watu wa kila namna. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha, alichapa humo. Washairi waliulizana mafumbo na kujibizana kwa miezi, na kila mmoja alijulikana kwa jina na mji wake. Soma ubeti wa mwisho kwanza. Kaditama mara nyingi hutaja jina la mtunzi, mahali alipo, na wakati mwingine kazi yake. Kisha soma beti za maombolezo: mtu anapomlilia rafiki au mwalimu wake hutaja jina la marehemu, mji, ugonjwa, hata watoto aliowaacha. Kama ukoo wako una kipaji cha ushairi, kuna uwezekano mkubwa kuwa babu alilumbana na mtu hapo, na lumbano hilo litakupa marafiki zake, ambao nao wana wajukuu wanaoweza kumjua.

*Gazeti la serikali.* Uteuzi wa maliwali, makadhi, mamudiri na makarani, kustaafu, leseni za biashara, viwanja, hati za kubadili jina. Hati ya kubadili jina ni daraja: inaweka jina la zamani na jipya katika tangazo moja. Lakini mama wa yote kwa Kenya ni matangazo ya mirathi. Mtu akifariki na mali, mwombaji wa usimamizi wa mirathi hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30. Tangazo hutoa jina la marehemu, kijiji au mtaa, tarehe ya kifo, na mara nyingi uhusiano wa mwombaji naye: mjane, mtoto, ndugu. Juu yake kuna namba ya shauri na mwaka. Namba hiyo ndiyo dhahabu, kwa sababu mahakamani kuna jalada, na ndani ya jalada huweza kuwa na orodha ya warithi wote, barua ya chifu, na wakati mwingine ugomvi wa wake wawili ambao hakuna aliyewahi kukusimulia.

*Matangazo ya vifo na kumbukumbu.* Kuanzia miaka ya baadaye, magazeti ya Kenya yana kawaida isiyo na mfano: tangazo la mazishi linalotaja baba, mama, wake, watoto, wakwe, ndugu, wajomba na wajukuu, na jina la kijiji msafara unakoelekea. Ukipata moja umepata nusu ya mti wa ukoo. Lisome kwa jicho la mtu anayejua jamii. "Ndugu" anaweza kuwa binamu. Mke wa pili anaweza kuachwa nje kwa makusudi, na familia mbili zinaweza kutoa matangazo mawili tofauti ya mtu yule yule; yatafute yote mawili. Tanzania ni tofauti: kwa miongo mingi matangazo ya vifo yalisomwa Radio Tanzania, kwa hiyo gazeti la Kiswahili la wakati huo halikujaa vifo. Tafuta badala yake matangazo ya kumbukumbu, ya miaka mingi baada ya kifo, yenye picha na majina ya watoto.

Mengine yanastahili macho ya haraka: vikosi vya mpira, matokeo ya mitihani, kesi za mahakamani, matangazo ya maduka. Orodha za abiria wa meli katika magazeti ya Kiingereza zinafaa zaidi kwa familia za Wazungu na Wahindi wenye uwezo.

Majina, na jinsi yalivyoharibika

Andika orodha ya tahajia zote zinazowezekana kabla ya kuanza. Hamisi ni Khamis na Hamis. Athumani ni Othman na Uthman. Hadija ni Khadija. Abdallah ni Abdala na Abdulla. Wajerumani waliandika Muansa, Udjidji, Bagamojo, Moschi na Aruscha, na kwa mtindo huohuo waliandika majina ya watu. Miji nayo ilibadilika majina: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Sphinxhafen ni Liuli, Fort Hall ni Murang'a, Usumbura ni Bujumbura. Kiswahili chenyewe kilisanifiwa baada ya 1930. Kabla ya hapo utakuta "khabari" na tahajia nyingine za kila mtu na mwalimu wake.

Unapotafuta kwenye kompyuta, kumbuka mashine husoma vibaya maandishi yaliyofifia, na hasa herufi za Kijerumani cha zamani, ambapo s na f hufanana. Tafuta jina la kijiji pekee. Tafuta kazi pekee. Tafuta nusu ya jina. Ukipata toleo sahihi, acha kutegemea mashine na usome ukurasa wote kwa macho.

Wanawake ni wagumu zaidi kupatikana, na ni vyema ujue hivyo mapema. Wanatajwa kama binti fulani, mke wa fulani, au mama wa fulani. Njia bora ni kumfuata kaka yake au mume wake, na kuangalia ukurasa wa shule za wasichana, misheni, na wakunga.

Daftari la kazi

Kwa kila toleo ulilosoma andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa, safu, na ulichokipata. Andika pia ulichokikosa: "Mambo Leo, 1931, Januari hadi Juni, hakuna." Bila mstari huo utarudia kazi ileile mwakani. Piga picha ya ukurasa mzima wenye tarehe juu, halafu picha ya habari yenyewe. Ipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano MamboLeo_1931-04_uk58, na weka nakala mahali pawili.

Tuseme bibi anasema babu yake alifundisha Lindi wakati wa nzige, alipenda mashairi, na akahamishwa baada ya kugombana na mkubwa. Mahali: Lindi. Kazi: mwalimu. Wakati: 1928 hadi 1934. Gazeti: Mambo Leo. Unaanza na mashairi ya miaka hiyo yenye neno Lindi kwenye kaditama, kisha habari za mji wa Lindi, kisha gazeti rasmi la Tanganyika kwa uhamisho wa walimu wa serikali. Kama alifundisha shule ya misheni, uhamisho hautakuwa gazetini hata kidogo. Uende kwenye kumbukumbu za kanisa.

Hakikisha ndiye

Juma bin Hamisi wa Lindi wanaweza kuwa 10. Usimchukue wa kwanza kwa furaha. Dai angalau vitu viwili visivyotegemeana vinavyokubaliana: mji na kazi, au jina la baba na mwaka. Gazeti nalo hukosea, hasa umri na tahajia, kwa hiyo lilinganishe na kitabu cha ubatizo, hati ya ndoa, daftari la shule, jiwe la kaburi au jalada la mirathi. Mkizozana na shangazi, usikimbilie kumkosoa kwa sababu kitu kimechapwa. Wakati mwingine yeye ndiye anayejua kwamba karani wa gazeti alipewa jina la uongo.

Kabla ya kutangaza kwenye kundi la ukoo

Utakutana na mambo mazito: asili ya utumwa, mtoto asiyetambuliwa, hukumu ya jela, mke aliyefutwa kwenye orodha. Pwani hasa, nasaba si mchezo. Mpelekee kwanza mzee anayehusika, faraghani, na umuache aamue kinachokwenda mbele ya wote. Usiweke hadharani taarifa za watu walio hai, wala namba za hati za viwanja. Kama mzee anataka kipande kifichwe, kihifadhi mwenyewe pamoja na tarehe na ukurasa wake, na andika kwenye bahasha nani alikukataza na mwaka gani, ili mjukuu wake akija kuuliza siku moja ajue pa kuanzia.